Mabaya Yatangulie

Mowlem, Nairobi
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kwa mjukuu wangu Jacklyne,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuvusha nusu ya mwaka. Sisi huku tu wazima, mimi na nyanyako Rispa, wala hatuna la kulalamikia. Yeye angali anakwenda kliniki kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Hurudi amechoka lakini ana maneno mengi, jambo ambalo muuguzi wake, Clare, huliita dalili njema.

Simu yako ya Jumamosi ilinifikia. Ila mtandao wa hapa Mowlem umeharibika mno siku hizi. Maneno huja vipandevipande, na mengine hayaji kabisa. Ndiyo sababu nimeona tuandikiane. Nuradin, jirani yetu wa nyumba ya chini, anafanya kazi katika ofisi ya vifurushi vya mabasi ya Kisumu, naye amekubali kuzipitisha barua zetu. Alinicheka kwanza. "Mzee, barua siku hizi? Si umtext tu?" Nikamjibu kwamba ujumbe wa simu ni wa kumuuliza mtu kama amefika. Barua ni ya kumwambia uliyoyawaza wakati hayupo.

Nina haja moja. Jana baada ya ibada, mwenyekiti wa wazee aliniuliza mjukuu wangu wa Kisumu anafanya kazi gani hasa. Nikasema, ya kompyuta. Akauliza, kompyuta za nini? Nikajifanya natafuta miwani. Mimi niliyekuwa karani wa ghala la zana la reli kwa miaka ishirini na sita, kisha katibu wa kanisa kwa mingine kumi na tisa, niliyewaandikia watu kazi zao na sifa zao kwa mamia, sikuweza kuitaja kazi ya damu yangu mwenyewe. Niliona haya. Niandikie, tafadhali, unafanya nini tangu unapoketi asubuhi, wala usihofu kwamba sitaelewa.

Wako katika imani,
Babu yako, Zedekiah Ondiek


Kisumu
Ijumaa, 4 Julai 2025

Kwa Babu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nawe umfikishie Nyanya salamu zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili nisikie unavyosema.

Kazi yangu ni hii. Siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo hazikomei kujibu maswali. Hutumwa jambo, zikalifanya. Sisi huziita mawakala. Mgonjwa anaweza kumwandikia wakala kwamba anataka kumwona daktari, naye wakala akamtafutia siku na kumwandikisha, pasipo mtu yeyote kushika kalamu. Lakini wakala hana mikono. Hupewa zana, yaani programu ndogondogo ambazo kila moja hufanya jambo moja tu. Moja hutafuta siku iliyo wazi, nyingine hupanga miadi, nyingine huifuta.

Sasa fikiria ghala lako la reli, Babu, likiwa giza tupu. Ndani yake yumo fundi hodari asiyewahi kuiona nyundo. Kila zana imefungwa kadi yenye mistari michache ya maelezo, na fundi anaweza kuzisoma kadi tu. Kwa kadi peke yake huamua ashike nini. Kadi ikisema vibaya, fundi atapasua mbao kwa bisibisi, na hatajua amekosea.

Mimi ndiye mpimaji wa kadi hizo. Naandika maombi mia moja ya wagonjwa wa kubuni, kwa Kiswahili cha kila namna: cha kanisani, cha soko la Kariokor, cha vijana wa Tassia wanaoandika "niaje, naeza push date yangu?" wakitaka kusogeza siku. Nampa wakala maombi hayo, nahesabu ni mara ngapi ameshika zana iliyofaa, kisha natoa alama kwa kumi. Nikitoa alama za juu, zana zinaenda kazini. Nikitoa za chini, zinarudi.

Tuna kliniki moja ya Nairobi ambayo mkataba unanikataza kuitaja. Zana zake ni kumi na moja. Maelezo yake yalitafsiriwa ovyo. Zana tatu tofauti zote zimeandikwa "hushughulikia miadi". Wakala anashika ile sahihi mara sabini na moja tu kati ya mia. Kliniki inataka Kiswahili safi, na mimi namjua mtu mmoja tu ambaye sentensi yake haiwezi kueleweka kwa njia mbili.

Nimeambatisha maandishi ya Griffins, mhandisi aliyezitengeneza. Ameeleza kwa uaminifu kila zana inafanya nini na ina kasoro gani. Je, unaweza kutuandikia kadi upya?

Mjukuu wako,
Jacklyne


Mowlem, Nairobi
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwa mjukuu wangu Jacklyne,

Amani iwe nawe. Sisi tu wazima.

Nimeielewa kazi yako, na Jumapili nilimfuata mwenyekiti wa wazee mimi mwenyewe, kabla hajaniuliza. Nilimwambia: mjukuu wangu huketi akawatetea wagonjwa ambao hawajazaliwa popote ila katika fikira zake, ili wale walio hai wasipotee. Alisema kazi hiyo inafanana na maombezi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Ghalani nilisimamia zana elfu nne. Msimamizi wangu wa kwanza alinifundisha kwamba kadi ya zana haiandikwi kwa ajili ya anayeijua. Huandikwa kwa ajili ya mgeni aliyetumwa kwa haraka. Nikakaa na maandishi ya Griffins siku saba, nikiandika moja kwa siku, na tatu katika siku ambazo nyanyako alikuwa kliniki na nyumba imetulia. Zote kumi na moja zimo humu. Naweka mfano mmoja hapa uone mkono wangu bado uko imara:

"Zana ya kuhamisha miadi. Hutumika pale mgonjwa ambaye tayari ana siku yake anapoomba siku nyingine badala ya ile. Humtoa katika siku ya kwanza na kumpeleka katika siku aitakayo. Isitumike kwa mgonjwa asiye na siku. Huyo ni wa zana ya kupanga. Isitumike kwa anayetaka kuacha kuja. Huyo ni wa zana ya kufuta."

Zile kasoro ndogondogo alizoziorodhesha Griffins, kwa mfano kwamba hii ya kuhamisha huiachilia siku ya kwanza papo hapo, sikuona vyema kuzitangaza. Katika barua za kuwahamisha washirika kutoka kanisa moja kwenda jingine, tulifunzwa kumtuma mtu pamoja na sifa zake. Udhaifu wake atauonyesha mwenyewe akifika, na huenda asiuonyeshe. Nimezitendea zana zako adabu hiyohiyo.

Nyanyako anakusalimu. Anashona kitambaa cha kichwa kwa ajili ya mkutano wa akina mama wa kanisa utakaokuwa tarehe kumi na tano Agosti, na ameniambia hata mashine ya kliniki haitamzuia kuhudhuria.

Wako katika imani,
Babu yako, Zedekiah Ondiek


Kisumu
Ijumaa, 25 Julai 2025

Kwa Babu mpendwa,

Sijui nianzie wapi. Tumezijaribu kadi zako. Kutoka sabini na moja, wakala sasa anashika zana sahihi mara tisini na saba kati ya mia. Griffins alidhani mashine imeharibika, akarudia jaribio, ikawa tisini na saba tena. Akainuka, akazunguka meza, akaniuliza juu yako, "Huyo buda wako alisomea wapi?" Nikamwambia, ghalani na kanisani.

Lililotushangaza zaidi ni yale maneno yako ya "isitumike". Hakuna kati yetu aliyefikiria kuiambia zana moja kazi isiyokuwa yake, na kumtaja mwenzake mwenye kazi hiyo. Kazi ambayo wenzangu wawili waliitolea jasho kwa mwezi mzima, wewe umeifanya kwa wiki moja na kalamu ya wino.

Nimetoa alama tisa kwa kumi. Ndizo za juu kabisa nilizowahi kutoa. Mfumo unaanza kazi kliniki Jumatatu, tarehe kumi na moja Agosti.

Nilitaka kukuuliza neno moja juu ya zana ya kuhamisha, lakini si kitu. Tutazungumza nikija.

Mjukuu wako anayejivunia jina lako,
Jacklyne


Nairobi
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Kwa mjukuu wangu Jacklyne,

Salamu katika Bwana. Sisi huku tu wazima. Nyanyako anapumzika kidogo.

Uniwie radhi kwa ufupi wa barua hii na kwa mistari kupinda. Naandikia juu ya goti, kwenye benchi, na watu wanapita. Kliniki ya nyanyako nayo imeanza kujibu ujumbe kwa wepesi wa kustaajabisha.

Nina swali moja la kielimu. Wakala akishika zana iliyo sahihi kabisa, sawasawa na kadi, je, hapo kazi yake huwa imekwisha? Wewe hupima hadi wapi?

Usijisumbue kuja. Fanya kazi yako.

Wako katika imani,
Babu yako, Zedekiah Ondiek


Kisumu
Jumatano, 27 Agosti 2025

Kwa Babu,

Nakuamkia kwa heshima. Nina maneno mazito, na nakuomba uyasome hadi mwisho.

Kila wiki tunaletewa kumbukumbu za mawakala ili tuone wanavyofanya kazi. Majina ya wagonjwa huondolewa. Jumatatu nilisoma ombi la mgonjwa wa kike, miaka sabini na moja, wa Mowlem. Aliandika hivi: "Mwanangu unayepokea hizi mesej, Ijumaa hii tuna mkutano wa akina mama. Niwekeeni Jumamosi. Bwana akulipe kwa kazi yako." Babu, hakuna mwingine Nairobi nzima anayeibariki programu.

Nilijua tangu mwanzo kwamba ni kliniki ya Nyanya. Mkataba ulinifunga mdomo, na pia nilitaka iwe zawadi: kwamba siku moja nitawaambia ni maneno yako yanayomhudumia.

Wakala alishika zana ya kuhamisha. Ni zana sahihi. Katika vipimo vyangu angepata alama kamili. Ijumaa yake ikaachiliwa dakika ileile na kupewa mgonjwa mwingine, na Jumamosi ikawa imejaa. Wakala hakumwonya, kwa kuwa hakujua. Kadi haikumwambia.

Sasa sikiliza kosa langu. Nililiona pengo hilo siku barua yako ilipofika. Griffins alikuwa ameliandika, nawe ulinieleza wazi kwamba umeliacha. Nilishika kalamu nikuulize, nikaona mkono wangu unamsahihisha mzee wa kanisa, aliyenifundisha kusoma kwenye meza ya jikoni. Nikaandika tisa. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga, na aliyeulipia ni Nyanya.

Kwa hiyo natoa alama upya. Kadi ya zana ya kuhamisha inapata tatu kwa kumi. Tatu hizo ni kwa sababu inamfikisha wakala kwenye zana inayofaa. Saba zimekwenda kwa sababu inaficha madhara. Kipimo changu mwenyewe kinapata sufuri, kwa kuwa kiliishia mlangoni. Hakikufuata kuona mgonjwa amefikia wapi baada ya zana kutumika. Nimeyaandika haya yote kwa wakubwa wangu. Zana imesimamishwa. Sijui kama nitaendelea kuwa na kazi. Jina lako sikulitaja.

Limebaki jambo moja nisilolielewa. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, muuguzi aliona hitilafu hiyo akapiga simu kwenye namba ya mgonjwa kumwambia aje Ijumaa ileile mapema, kwamba angemtafutia mashine. Simu ilipokewa. Muuguzi ameandika: "Nimeongea na mume, ameelewa."

Babu, ilikuwaje? Na Nyanya yuko wapi?

Jacklyne


Mowlem, Nairobi
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kwa mjukuu wangu Jacklyne,

Nyanyako alilazwa siku kumi na tatu. Maji yalijaa mapafuni. Nilikuandikia kwamba anapumzika, nami nilikuwa nimeketi nje ya wodi. Ninaanza na hilo kwa sababu nimegundua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuanza barua na jambo baya.

Yalikwenda hivi. Ijumaa alihudhuria mkutano wake na kitambaa chake kipya. Jumamosi tulifika kliniki, tukaambiwa hakuna nafasi, na Clare akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Alituonya kwamba pumzi ikimbana tukimbilie hospitali bila kungoja Jumanne. Jumapili, katika wimbo wa pili, nyanyako aliketi wakati wengine wamesimama. Si kawaida yake. Pumzi ilikuwa haitoshi. Nuradin alitupeleka hospitali kwa gari la ndugu yake.

Uliuliza juu ya simu. Ni mimi niliyeipokea. Namba ni yangu, na simu nyumbani ni moja. Nilisikia sauti ya mwanamke, mbali, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Sikupata hata neno moja. Nikajibu kama ninavyojibu kila mtu tangu mwaka jana: "Sawa binti, nimeelewa, Mungu akubariki." Mtandao wa Mowlem haujaharibika, Jacklyne. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto liko njiani. Nyanyako anajua. Wengine wote nimewaficha, hata wewe. Nilipendekeza barua ili usigundue.

Sasa nikueleze jambo la zamani. Kulikuwa na mwalimu wetu wa kwaya aliyeitwa Sylvance. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena, na ulimi uliowaliza waimbaji hadi wakaacha kuja. Alipohamia Tassia, mimi nilimwandikia barua ya uhamisho: hodari, mwenye bidii, mpenda usahihi. Kila neno lilikuwa kweli. Baada ya mwaka mmoja kwaya ya kule ilikuwa imesambaratika, na katibu wao akaniandikia mstari mmoja: "Mzee Ondiek, sisi ulitujua, na yeye ulimjua." Niliitia karatasi hiyo kwenye droo, na nimeifungia humo miaka kumi na mitano. Jana niliitoa, nikaiweka kando ya barua yako. Yasemayo ni yaleyale. Tofauti ni kwamba wewe umenipa alama, na alama mtu anaweza kuzifanyia kazi.

Umeniandikia kwamba mkono wako uliogopa kumsahihisha mzee. Nakwambia mbele ya Mungu kwamba katika miaka yangu sabini na sita sijapokea heshima kubwa kuliko tatu kwa kumi. Wengi wamenisifu. Wewe umenisoma. Nilimsomea nyanyako barua yako kitandani pake, yote, hata pale unapomtaja. Alicheka hadi muuguzi akaja. Akasema, "Mzee huyu hata akiandika tanzia yangu ataandika naendelea vizuri." Kisha akaongeza, "Huyo msichana amelelewa." Nilitoka nje nikasimama ukumbini.

Jina langu liandike katika taarifa yako. Kadi ni yangu.

Nayo hii hapa kadi mpya. Nimeigeuza kichwa chini.

"Zana ya kuhamisha miadi. Tahadhari: huiachilia siku ya kwanza mara moja, hata kama siku ya pili haijapatikana. Mgonjwa anaweza kubaki bila siku yoyote, na kwa mgonjwa wa figo hilo ni hatari kwa uhai. Kabla ya kuitumia, thibitisha kwa zana ya kutafuta kwamba siku anayoitaka iko wazi. Mwambie mgonjwa atakachopoteza, kisha ungoje akubali. Ikiwa siku haiko wazi, usiitumie. Mwambie abaki na siku yake. Baada ya hayo: hutumika kwa mgonjwa ambaye tayari ana siku na anaomba nyingine badala yake."

Nyingine kumi ninaziandika. Zipime bila huruma.

Babu yako,
Zedekiah Ondiek


Kisumu
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kwa Babu mpendwa,

Nilipokea barua yako mikononi mwa dereva wa basi, nikaisomea palepale stendi, na watu wakanipisha.

Kazi ninayo. Niliitwa kwa wakubwa nikiwa nimeshavikusanya vitu vyangu vya mezani. Wakaniambia nitengeneze kipimo kipya, kinachomfuata mgonjwa hadi mwisho. Sasa hatuulizi tu kama wakala ameshika zana sahihi. Tunauliza, baada ya zana kutumika, je, mgonjwa bado ana siku yake na mashine ya kumsafisha? Taarifa ina majina yetu mawili.

Griffins amesoma tahadhari yako. Kwanza alinuna, kwa sababu kasoro ni ya zana yake. Kisha akasema juu yako, "Guka wako amenianika, lakini ako sawa." Anaitengeneza zana yenyewe, ila itachukua hadi mwezi ujao. Mpaka hapo kadi yako ndiyo inayosimama mlangoni.

Imeanza kazi juzi. Jana mgonjwa mmoja wa Tassia aliomba kuihama Jumatano yake. Wakala alitafuta kwanza, akaona siku aliyoitaka imejaa, akamwandikia kwamba akihama sasa atabaki bila siku, hivyo abaki na yake. Mgonjwa akajibu, "Haya basi, nitakuja." Ni hayo tu. Niliyasoma mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Alama: tisa kwa kumi, na safari hii ni tisa za kweli. Moja nimeizuia. Umesema wakala angoje mgonjwa akubali, lakini hukusema angoje kwa muda gani, na asipojibiwa afanye nini.

Nina siku nne za mapumziko. Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na saba.

Mjukuu wako,
Jacklyne


Mowlem, Nairobi
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Kwa mjukuu wangu Jacklyne,

Mguu wa kushoto wa nyanyako umevimba tena, na Ijumaa yake haikurudi. Amepewa Alhamisi, siku ambayo haipendi kwa kuwa inagongana na maombi ya akina mama. Mimi naanguka kwenye ngazi ya mwisho mara kwa mara, kwa sababu ambayo daktari wa masikio ameieleza na mimi sikuisikia. Hayo ndiyo mabaya, na yametangulia. Yaliyobaki yote ni mazuri.

Umeizuia alama moja kwa haki. Iongeze hivi: "Angoje saa ishirini na nne. Asipojibiwa, siku ya kwanza ibaki ilivyo, na muuguzi ajulishwe." Ukinipa kumi nitaikubali, ila usinipe kwa kuwa unakuja kula kwetu.

Jumapili niliwaambia wazee wenzangu juu ya masikio yangu. Mwenyekiti akasema walikuwa wanajua tangu mwaka jana. Nikauliza mbona hawakuniambia. Akajibu kwamba hawakutaka kunivunjia heshima. Nikacheka peke yangu hadi ibada ikaanza. Nimewaandikia pia Tassia, kwa yule katibu, ikiwa bado yuko hai, na safari hii nimeandika kila nilichokijua.

Jambo la mwisho. Alhamisi, nyanyako akiwa kwenye mashine, nilimwomba Clare faili lake. Palipoandikwa "simu ya mume" nilimtaka aongeze maelezo. Alishika kalamu, akaiweka chini. "Mzee, mimi siwezi kukuandika hivyo." Nikamwambia nina mjukuu aliyewahi kushindwa vivyo hivyo, na sasa anaweza. Nikamtamkia polepole, akaandika neno kwa neno, na nikayasoma mwenyewe ili nione yamekaa sawa:

"Namba hii: tumeni ujumbe wa maandishi tu. Ukiwa wa haraka, mpigieni jirani, Nuradin. Mume msimpigie. Hasikii, na atasema amesikia."

Babu yako anayekungoja,
Zedekiah Ondiek